Volkano hai za visiwa vya Mediterania: namna ya kupanga safari ya miguu ukitokea Tanga

Volkano hai tunayo hapa hapa nyumbani, Ol Doinyo Lengai, mita 2,962, na mtu wa Tanga anaifikia bila pasipoti. Anayevuka kwenda visiwa vya Mediterania anafuata jambo jingine: mlima unaolipuka huku chini yake kuna kijiji, bandari, duka la mkate na boti ya kesho asubuhi. Stromboli hurusha vipande vya lava kila baada ya dakika kumi hadi ishirini hivi, usiku na mchana. Vulcano haijalipuka tangu 1890, lakini mdomo wake unafuka gesi ya moto kila siku. Etna, iliyo kwenye kisiwa kikubwa cha Sicily, inapita mita 3,300 na hutoa lava au majivu mara kwa mara. Yote mitatu iko kusini mwa Italia, na inaingia kwenye likizo moja ya siku kumi.

Kinachoharibu safari hizi mara nyingi si mlipuko. Ni njia kufungwa na bahari kuchafuka. Watu hununua tiketi, hulipia vyumba siku kwa siku, kisha wanafika wanakuta mpaka wa kupanda umeshushwa jana au boti hazitoki kwa sababu ya upepo, na ratiba yote inaporomoka. Kwa hiyo anza kupanga kutoka upande wa pili: kila mlima uwe na mbadala wake, na kila safari ya baharini iwe na siku moja ya ziada nyuma yake.

Mpangilio wa milima

Anza visiwani, yaani visiwa vya Eolie vyenye Lipari, Vulcano, Stromboli na Salina, malizia Etna. Uwanja wa ndege uko Catania, chini ya Etna. Ukienda visiwani mwishoni na bahari ikachafuka, unakosa ndege. Ukienda visiwani mwanzoni na bahari ikachafuka, unapoteza siku moja ya Etna, basi. Mpangilio huu pia unakupandisha kwa ngazi: Vulcano ukingo wa mdomo wake unafika mita 391, Stromboli kwa sheria za miaka hii ni mita 400 ukiwa na mwongozaji, na Etna inakuja miguu ikiwa imeshazoea majivu.

Siku kumi zigawe hivi. Siku ya kwanza fika Catania, ulale. Ya pili nenda Milazzo kwa basi au treni, kisha boti ya mwendo kasi hadi Lipari. Lala Lipari usiku tatu, kwa sababu ndicho kisiwa chenye vyumba vingi, benki, hospitali na boti nyingi, na Vulcano iko ng'ambo tu, dakika kumi au kumi na tano kwa boti. Kisha Stromboli usiku mbili. Ukilala mmoja, wingu moja tu linatosha kukunyima ulichokifuata. Rudi Catania au panda Nicolosi, mji mdogo ulio mita 700 hivi kwenye mbavu za Etna, na ubaki na siku tatu za mwisho huko. Moja kati ya hizo iache wazi. Usilale kisiwani usiku wa kuamkia siku ya ndege, hata kama utabiri unaonyesha bahari shwari kama sahani.

Ratiba za boti na mabasi zimeandikwa kwa saa 24. Toa 6 upate saa yetu: 14:30 ni saa nane na nusu mchana. Jibu likizidi 12, toa 12 tena: 20:00 ni saa mbili usiku. Andika saa zote mbili kwenye karatasi kabla ya kuondoka, maana asubuhi ya haraka kichwa hurudi kwenye mazoea. Kiangazi Italia iko nyuma yetu kwa saa moja, majira ya baridi saa mbili.

Viza na karatasi

Unahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na maombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa muda mrefu zaidi. Kwa safari hii ni Italia, kupitia ubalozi wake Dar es Salaam. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15. Usisubiri siku hizo 15. Peleka miezi miwili au mitatu kabla, kwa sababu miadi hujaa kuelekea kiangazi. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na hairudishwi ukinyimwa. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita na ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Ulaya. Mara ya kwanza utatakiwa kufika mwenyewe kutoa alama za vidole, kwa hiyo hesabu nauli ya Tanga kwenda Dar na kurudi na usiku mmoja wa kulala.

Bima ya safari ndiyo sehemu ya kusoma kwa utulivu. Sheria inataka ilipe matibabu hadi angalau yuro 30,000, na bima yoyote ya viza inatimiza hilo. Lakini bima nyingi za bei ndogo huondoa kupanda milima, au huweka kikomo cha mita. Uliza kwa maandishi: inanilipia nikiumia nikitembea kwenye volkano, hadi mita 3,000, nikiwa na mwongozaji mwenye leseni? Wakikujibu kwa mdomo tu, bado hujajibiwa.

Kwa chakula cha begini, tende na kashata hazina shida. Nyama kavu, samli na maziwa acha nyumbani; Umoja wa Ulaya hauruhusu abiria kuingiza nyama wala vitu vya maziwa kutoka nchi zetu, na vitachukuliwa mpakani.

Miezi

Mei, Juni, Septemba na nusu ya kwanza ya Oktoba. Julai na Agosti jua ni kali, njia za majivu meusi hazina mti, na vyumba vinapanda bei. Kuanzia mwisho wa Oktoba bahari huchafuka mara kwa mara na boti ndogo za mwendo kasi ndizo za kwanza kusimamishwa. Meli kubwa za kubeba magari hustahimili zaidi, kwa hiyo jua ratiba zote mbili. Etna hushika theluji majira ya baridi, na mabaki yake yanaweza kukutwa juu hadi Mei.

Mazoezi, Tanga ilivyo tambarare

Mtu anayetembea Raskazone hadi mjini kila jioni ana pumzi nzuri, lakini mapaja yake hayajajifunza kushuka. Kwenye volkano kupanda huchosha, kushuka huumiza: mguu unateleza kidogo kila hatua na paja linafanya kazi ya breki kwa saa nzima. Usipofanya mazoezi ya kushuka, siku ya pili utashindwa ngazi za hotelini.

Wiki nane zinatosha. Mara mbili kwa wiki tembea kwenye mchanga mkavu wa ufukweni, ule laini wa juu, si ule ulioshikwa na maji, ukiwa na begi la kilo 6 kwa saa nzima. Mchanga huo ndio unaofanana zaidi na majivu ya Stromboli na Vulcano. Mara moja kwa wiki tafuta jengo la ghorofa tatu au nne, panda na ushuke ngazi kwa dakika 40. Shuka polepole, ukihesabu mbili kwa kila ngazi. Kisha angalau mara mbili ndani ya wiki hizo nane nenda milimani. Magoroto na Amani, upande wa Muheza, ni karibu na kwa kwenda na kurudi zinafaa. Lushoto ni bora zaidi: lala huko, panda msitu wa Magamba ambao unapita mita 2,000, ushuke na begi lenye uzito ule ule utakaobeba Italia. Baridi ya Lushoto mwezi wa Juni au Julai pia ni kipimo cha nguo zako. Ukitetemeka Magamba, Etna utaganda.

Buti

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu ndipo safari nyingi za watu wa pwani zinapoharibikia.

Buti ziwe zinazopita kifundo cha mguu, soli nene yenye meno, na nafasi ya kidole gumba mbele ya vidole ukiwa umevaa soksi nene. Lava iliyoganda ina makali kama chupa iliyovunjika. Raba za kukimbilia zinachanika pembeni ndani ya siku mbili. Buti nzuri hupatikana mitumbani kwa bei inayoshikika, lakini zina ugonjwa mmoja usioonekana. Kati ya soli ngumu ya chini na ngozi ya juu kuna tabaka laini la povu. Povu hilo, likiwa la aina ya poliurethani, huliwa na unyevu polepole hata kama kiatu hakijavaliwa, na unyevu wa Tanga hauna huruma. Buti inaonekana mpya, ngozi inang'aa, lakini ukitembea saa mbili soli inabanduka yote kama ganda.

Ipime hivi kabla ya kulipa. Bonyeza tabaka hilo la katikati kwa ukucha wa gumba, kwa nguvu. Likirudi, zuri. Likibaki na alama, likapasuka mstari mwembamba, au likatoa unga wa kunata, irudishe. Kisha shika ncha ya mbele na kisigino, ukunje buti, uangalie mstari ambapo soli inakutana na ngozi: nyufa ndogo ndogo ni jibu tosha. Buti uliyonunua tembea nayo angalau kilomita 40 kabla ya safari, zikiwemo zile za mchangani. Usiipeleke mpya kabisa, na usiitoe kabatini baada ya miaka mitano ukaipandisha ndege bila kuijaribu.

Majivu huingia kwa juu, pale soksi inapokutana na suruali, kisha yanasaga kisigino hadi malengelenge. Vaa vifuniko vya vifundo vya miguu, au kata soksi kuukuu ya mpira, uivute ifunike mdomo wa buti. Kwa wanaovaa baibui au gauni refu, vaeni suruali ya mazoezi chini na mfunge vazi juu ya kifundo, kwa sababu upepo wa kwenye kreta, yaani shimo la mdomo wa volkano, hulipeperusha mbele ya miguu wakati hasa unapohitaji kuona unapokanyaga. Mtandio uwe wa pamba na uingizwe ndani ya jaketi.

Vitu vingine vya begini

Maji lita 2 kwa Vulcano, lita 3 kwa Stromboli na Etna. Njiani hakuna bomba wala kisima. Tochi ya kichwani na betri za akiba, hata kama hutapanda usiku, maana kijiji cha Stromboli hakina taa za barabarani. Jaketi la kuzuia upepo, sweta zito, fulana moja ya kubadilisha ukifika juu, kwani jasho likipoa mgongoni ndiyo baridi yenyewe. Glavu za ngozi, hata zile za fundi ujenzi, kwa sababu ukianguka unatanguliza viganja. Miwani inayoziba pembeni. Anayetumia lenzi za machoni azivue, majivu yakiingia chini yake yanakwangua jicho. Fimbo mbili za kutembelea. Helmeti utapewa na mwongozaji pale inapotakiwa.

Kuhusu barakoa, watu wanachanganya mambo mawili. Barakoa za kawaida, hata zile nzito za hospitali, huzuia vumbi na majivu tu. Hazizuii gesi. Kanga iliyoloweshwa nayo ni hivyo hivyo: inasaidia vumbi, na kwa gesi inakupa dakika chache za kuondoka. Kuzuia salfa dioksaidi, gesi kali ya volkano, kunahitaji barakoa ya mpira yenye kichujio cha aina E, chenye mstari wa njano, au kile cha mchanganyiko kilichoandikwa ABEK. Kwa matembezi ya kawaida huhitaji kununua. Unachohitaji ni kujua upepo unatoka wapi na kukaa upande wake.

Vulcano

Njia inaanza karibu na bandari na huchukua kama saa moja kupanda hadi ukingo wa kreta. Mwanzo ni mchanga mweusi, katikati ni udongo mgumu mwekundu uliochimbwa mifereji na mvua, juu ni ukingo mpana unaoweza kuuzunguka. Panda mapema, kabla ya saa tatu asubuhi, kwani jua likipanda hakuna kivuli hata cha kujikinga kichwa.

Harufu utakayokutana nayo wenyeji wa Tanga wanaijua: ni ile ya chemchemi za salfa za Galanos, kule Amboni, ila kali mara nyingi zaidi na imechanganyika na mvuke unaounguza. Kwenye ukingo wa kaskazini gesi hutoka kwenye nyufa zilizozungukwa na fuwele za njano za salfa. Inapendeza kupiga picha. Usiiname juu ya ufa, usiguse fuwele kwa mkono mtupu, na usikanyage maeneo yenye ganda jepesi la njano au jeupe, kwa sababu chini yake panaweza kuwa na tope la moto. Koo likianza kuwasha na macho kutoa machozi, wewe uko upande mbaya wa upepo. Usikimbie kushuka, tembea kukata upepo, pembeni, hadi hewa isafike.

Gesi mbili zinahitaji heshima ya pekee. Hewa ukaa haina harufu wala rangi, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, na hujikusanya mabondeni na mashimoni, hasa usiku usio na upepo. Mwaka 2021 gesi iliongezeka Vulcano kiasi kwamba wakazi wa eneo la bandari walihamishwa nyakati za usiku, na njia ya kreta ikafungwa. Kwa hiyo usipumzike kwenye shimo, usilaze mtoto chini, usipige hema bondeni. Ya pili ni haidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza: ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kunusa. Harufu ikitoweka ghafla na moshi bado unauona, ondoka.

Mwenye pumu, ugonjwa wa moyo, au mjamzito asipande kwenye ukingo wa gesi kabisa. Mbadala wake, na mbadala wa kila mtu njia ikifungwa, ni Salina: mlima Fossa delle Felci, mita 962, ndio mrefu kuliko yote katika visiwa hivi, volkano iliyolala, msitu wenye kangaga na kivuli, na kutoka juu unaviona visiwa vyote.

Stromboli

Kilele kiko mita 924, na hadi 2019 watu walikuwa wakipandishwa karibu nacho kila jioni. Tarehe 3 Julai 2019 mlipuko mkubwa ulitokea bila dalili za kutosha na ukaua mtembeaji mmoja; mwingine mkubwa ukafuata tarehe 28 Agosti mwaka huo huo. Tangu hapo mpaka umekuwa ukibadilika. Kwa vipindi virefu umekuwa mita 290 bila mwongozaji na mita 400 ukiwa naye, na kuna vipindi njia zilifungwa zote, kama baada ya mlipuko wa Julai 2024. Anayeamua ni meya wa Lipari, kwa amri ya maandishi inayoitwa *ordinanza*, na huangalia rangi ya tahadhari ya Ulinzi wa Raia wa Italia: kijani, njano, chungwa, nyekundu. Soma amri hiyo wiki moja kabla, soma tena asubuhi ya kupanda, na uulize ofisi ya waongozaji kijijini. Kuvuka mpaka ni faini, na bima ikigundua ulivuka haikulipi.

Matembezi ya jioni huanza saa mbili hadi tatu kabla ya jua kuzama, ili ufike kituo cha kutazamia wakati mwanga unaisha. Hapo unatazama Sciara del Fuoco, mteremko mweusi ambao mawe yenye moto huviringika hadi baharini. Mchana utaona vumbi tu na kusikia mngurumo. Giza likiingia, kila mlipuko unaonyesha njia ya kila kipande: unaona cheche zinapanda, zinasimama kidogo, zinafunguka, kisha zinaanza kuviringika na kupasuka vipande viwili viwili, na sauti inakufikia baadaye. Milipuko hailingani. Ikipita nusu saa kimya, subiri. Waongozaji wazuri husubiri.

Kushuka ni gizani, tochi kichwani. Weka nafasi ya hatua tano kati yako na wa mbele, na mkipita sehemu ya mawe yaliyolegea msifuatane mstari mmoja wima, kwani jiwe ulilolisukuma wewe linampata aliye chini yako. Kwenye majivu tanguliza kisigino, goti likunjwe kidogo, fimbo mbele.

Ikitokea mlipuko mkubwa na vipande vinaruka juu yako, silika ni kugeuka na kukimbia. Anayekimbia amegeuza mgongo haoni kinachokuja. Simama, tazama juu, fuatilia kipande kilicho karibu, kisha sogea pembeni kabla hakijafika; begi liweke kichwani na mgongoni. Baada ya hapo ndipo unashuka, haraka na kwa mpangilio.

Hatari ya pili ya Stromboli iko ufukweni. Tarehe 30 Desemba 2002 sehemu ya Sciara del Fuoco iliporomokea baharini na mawimbi yakapiga kijiji. Sasa kuna ving'ora. Siku unayofika, kabla hata ya kuoga, tembea kutoka chumbani kwako hadi sehemu ya kukusanyika iliyo juu, ili miguu iijue njia. King'ora kikilia, au ukiona maji yanajivuta nyuma, panda, mizigo iache. Na mvua kubwa ikinyesha usikae kwenye makorongo: moto wa Mei 2022 ulichoma uoto wa mlimani, na Agosti mwaka huo mvua ikateremsha tope na mawe hadi ndani ya kijiji.

Njia zikifungwa, kodi nafasi kwenye boti za jioni zinazosimama mbele ya Sciara del Fuoco. Unaona milipuko kutoka chini, na wakati mwingine unaona vizuri kuliko aliye mita 290. Kijijini magari ni machache. Mizigo hubebwa na vigari vya matairi matatu, ndugu kabisa wa bajaji zetu, na bei mnapatana kabla ya kupanda.

Etna

Kutoka Catania kuna basi la asubuhi hadi Rifugio Sapienza, mita 1,900 hivi, na linarudi alasiri. Ni moja tu kwenda na moja kurudi, kwa hiyo ukilikosa la kurudi unatafuta teksi ghali. Kutoka hapo vibanda vya kuning'inia kwenye waya hukupandisha hadi mita 2,500. Mpaka wa kutembea bila mwongozaji hubadilika kama kule Stromboli. Kwenda karibu na kreta za kileleni ni lazima mwongozaji, na siku nyingine hata yeye haruhusiwi.

Hewa hupoa nyuzi 6 hadi 7 kila mita 1,000. Catania ikiwa nyuzi 32, mita 2,900 ni nyuzi 13 hivi, kabla hujahesabu upepo. Mtu aliyetoka usawa wa bahari asubuhi na kupandishwa na waya hadi mita 2,500 ndani ya dakika kumi na tano anaweza kuumwa kichwa na kichefuchefu akianza kutembea kwa haraka. Kaa nusu saa kwanza, kunywa maji, kisha tembea kwa mwendo unaoruhusu mazungumzo. Kichwa kikizidi kuuma, shuka; mita 500 chini kinapoa.

Wingu huifunika Etna mchana, na kwenye uwanda wa majivu kila upande unafanana. Fuata vigingi vya njia, na ukikosa kigingi kinachofuata rudi kwenye cha mwisho ulichokiona. Radi nazo ni hatari ya kweli kule juu, hakuna kitu kirefu kuliko wewe. Ngurumo ya kwanza ni amri ya kushuka.

Usidhani mlima huu mpana ni mpole. Septemba 1979 mlipuko wa ghafla kwenye kreta ya Bocca Nuova uliua watalii tisa. Tarehe 2 Juni 2025 sehemu ya kreta ya kusini-mashariki iliporomoka ikatoa wingu la gesi na majivu ya moto, na watalii walionekana wakikimbia mteremkoni, hawakuumia. Mwongozaji akisema turudi, usimuulize sababu mpaka mfike chini.

Juu kukifungwa bado kuna siku mbili nzuri. Kreta za Silvestri, za mlipuko wa 1892, ziko karibu kabisa na Rifugio Sapienza. Njia ya Schiena dell'Asino hukupeleka ukingoni mwa Valle del Bove, bonde kubwa ambalo lava nyingi za Etna huteremkia. Upande wa kaskazini, Monti Sartorius ni mstari wa kreta ndogo za 1865 katikati ya miti ya betula yenye magome meupe. Njia fupi, na hata mtoto wa miaka minane anaimudu.

Majivu mengi yakianguka, uwanja wa ndege wa Catania husimamisha safari. Ndege ya kuunganisha iwe kwenye tiketi moja na ile ya Dar es Salaam, ili shirika liwajibike kukutafutia nyingine.

Kwa mwenye muda wa Ugiriki

Nisyros inafikiwa kwa boti kutoka Kos. Unatembea hadi ndani ya kreta ya Stefanos, upana wa mita 300 hivi, sakafu yake ikitokota tope na mvuke. Baki kwenye njia iliyokanyagwa. Milipuko ya mvuke ya mwisho ilikuwa karne ya 19. Nea Kameni, katikati ya ghuba ya Santorini, ililipuka mara ya mwisho 1950 na matembezi yake ni ya saa moja na nusu. Mwanzoni mwa 2025 matetemeko mengi yaliwaondoa maelfu ya watu Santorini, kwa hiyo huko nako soma matangazo kabla. Ukikaa Ugiriki muda mrefu kuliko Italia, viza iombe Ugiriki.

Chakula, na mwisho wa safari

Anayekula halali asiamini macho. Arancini, mipira ya wali ya kukaanga, mara nyingi ina nyama ya nguruwe ndani. Ganda la cannoli kwa desturi hukandwa na mafuta ya nguruwe na divai. Sema *senza maiale*, bila nguruwe, na uliza pia *strutto*, yaani hayo mafuta. Pasta alla norma, tambi za bilinganya na jibini, haina nyama, nayo ni chakula cha nyumbani Catania. Samaki yupo kila kisiwa. Mlimani beba mkate, tende, karanga na kitu cha chumvi, kwa sababu jasho la siku nzima likirudishiwa maji matupu huleta mkazo wa misuli.

Namba ya dharura kote ni 112. Mawe ya kumbukumbu yaache. Etna ni hifadhi na visiwa vya Eolie ni urithi wa dunia. Kamera na simu zipulize kwanza kwa pampu ndogo kabla ya kufuta kioo, maana majivu ni vioo vidogo vidogo na kitambaa kikavu kitayasugua juu ya lenzi. Ukifika Tanga toa buti begini siku hiyo hiyo, zioshe kwa maji matamu bila sabuni kali, zianike kivulini penye upepo, kisha zijaze magazeti na uziweke juu, mbali na sakafu ya saruji.